Kilomita Arobaini Chini ya Nyumba

Gurudumu la nyuma nimelitundika msumarini,
jirani na vitunguu.
Halina kazi hadi Machi.
Baiskeli nimeibana kwenye chuma cha miguu minne
kama ng'ombe wa kukamuliwa,
ila anayekamuliwa ni mimi.

Oudenaarde, Januari. Mawe ya Koppenberg
yamevaa barafu, na bega langu la kushoto
bado linaikumbuka Oktoba:
kona, majani yaliyolowa, kishindo,
kisha mbingu kukaa upande usio wake.
Daktari alisema, "Barabarani, marufuku."
Hakusema neno kuhusu stoo.

Basi saa kumi na moja na nusu alfajiri nashuka ngazi
na taulo, chupa mbili, feni ya marehemu shangazi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama. Pua i juu ya usukani,
jasho ladondoka tone kwa tone,
na hicho cha mvunguni bado sijakiona.

Mwenzangu wa safari ni mashine ya kufulia.
Ikianza kukamua nguo, nami napandisha gia.
Dakika nne tunakimbizana,
yenyewe na mashuka, mimi na mapaja,
na kila mara inashinda,
inapiga filimbi, inajifungulia mlango.

Skrini ndogo inanihesabia: wati mia mbili na kumi,
mapigo mia na hamsini na mbili,
mteremko sifuri, upepo sifuri.
Upepo sifuri!
Mimi niliyejifunza kuutukana upepo
kabla sijajifunza kusali,
leo naukumbuka kama mtu amkumbukavyo
mkwe mgomvi aliyehama.

Kuna dirisha moja, jembamba, usawa wa njia ya miguu,
na taa ya mtaa juu yake.
Ulimwengu wote hupita hapo umekatwa magotini.
Buti za Wouter wa posta, kisigino cha kulia kimelika.
Viatu vyekundu vya binti wa mwokaji, daima mbio.
Mbwa, mzima, masikio hadi mkia;
huyo peke yake ndiye ninayemjua sura.
Na saa moja kasorobo, viatu vya manyoya vya Bi Godelieve,
hatua za kukanyaga mayai,
na ncha ya fimbo: ta. Ta. Ta.

Jumanne nilikuwa kilomita ya thelathini na nane,
miguu imegeuka uji,
nikasikia ta. Ta.
Kisha kimya.
Fimbo ikapita dirishani peke yake, ikiteleza.
Ukafuata mkono. Ukafuata uso,
ambao sikuwahi kuuona.
Tukatazamana, yeye kalala njiani,
mimi nimekaa juu ya safari isiyofika.

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka ngazi,
vyuma vya viatu vyangu vikigonga kama kwato,
mlango, baridi iliyonirukia kifuani,
na upepo. Upepo, jamani!
Mvuke ulinitoka mabegani kama chungu kilichofunuliwa.
Niliteleza mara mbili kabla sijamfikia,
nikaketi naye barafuni,
tukashikana kama walevi wawili.
"Wewe," akasema, akilitazama jasho langu,
"umetoka wapi mbio hivyo?"
"Chini ya nyumba."
"Ni mbali?"
Nikapiga hesabu. "Miezi mitatu."
Akacheka hadi kofia ikamwanguka.

Hakuvunjika kitu. Fimbo tuliikuta mlangoni kwa mwokaji.

Niliporudi, skrini ilikuwa inaniuliza:
Safari imesimama. Unaendelea?
Mashine ya kufulia ilikwisha shinda zamani.
Nilipanda tandikoni, soksi zikichuruzika maji ya barafu.
Kilomita mbili zilikuwa zinanidai.
Sikuzilipa.

Siku hizi, saa moja kasorobo,
fimbo hugonga kioo mara moja.
Nami napiga kengele,
niliyoifunga makusudi usukanini,
kwenye baiskeli ya mashindano,
ambayo kila mtu anajua
haifungwi kengele.